Chuma Kibebe, Shaba Ilemee: Mwongozo Kamili wa Nyuzi za Gitaa

Mpwa wangu alifika nyumbani Kamalondo jioni moja ya kipwa, yaani majira ya ukame, gitaa begani. Shingo aliichonga mwenyewe, tumbo alilijenga kwa plywood ya sanduku, na nyuzi, kordi kama tunavyoziita hapa Lubumbashi, alizitoa kwenye kable ya freni ya kinga, yaani baiskeli. Nyuzi nyembamba ziliimba vizuri. Uzi wa sita ulikuwa kable yenyewe, nzima, unene wa milimita 1.5. Nikaupima kwa simu: noti ya mi kamili, mahali pake. Lakini ukiupiga unasikia "ndu" moja, kisha kimya, kama mtu aliyegonga mlango akaenda zake.

"Mjomba, noti ni sawa. Mbona imekufa?"

Swali zuri, na wapiga gitaa wengi hawajawahi kuliuliza. Noti na sauti ni vitu viwili. Noti inaamuliwa na mambo matatu ya uzi: urefu, mkazo na uzito wake. Sauti, yaani kama uzi unang'aa, unaimba kwa muda au unazimika, inaamuliwa na mengine: ugumu wake wa kupinda, msuguano wa ndani, usawa wa unene wake, na mahali kidole kinapougusa. Kable ya kijana ilikuwa na uzito uliofaa kwa mi ya chini, ndiyo maana simu ilikubali. Lakini ndani yake kuna vijiuzi 19 vilivyosokotwa pamoja, na kila uzi unapotetema vinasuguana. Msuguano unameza mtetemo, na sauti za juu ndizo zinazomezwa kwanza.

Hapa chini naeleza hatua tulizofuata ili kulirudishia gitaa lile sauti. Utakaye kununua seti dukani, hesabu zilezile zitakusaidia kuchagua.

Hatua ya 1: Pima urefu unaoimba

Chukua utepe, pima kutoka kizingiti cha juu, pale nyuzi zinapoingia kichwani, hadi daraja, ile shevale iliyogandishwa tumboni. Gitaa nyingi zina sentimita 63 hadi 65. Ya mpwa wangu ilikuwa 65 kamili, na hesabu zote za hapa ni za urefu huo. Ukiugawa uzi katikati, noti inapanda oktava moja, yaani mitetemo mara mbili. Ndiyo maana freti ya 12, kile kijichuma cha kumi na mbili kinachokata shingo, lazima iwe nusu ya njia, sentimita 32.5. Ikiwa haipo hapo, rekebisha daraja kwanza. Hakuna uzi utakaoponya gitaa yenye vipimo vibaya.

Hatua ya 2: Jua mkazo kabla ya kukaza

Mwaka 1636 Mfaransa Marin Mersenne alichapisha kanuni ambazo mafundi wa nyuzi wanazitumia hadi leo. Ukikaza uzi mara nne zaidi, noti inapanda oktava moja tu. Ukiongeza uzito wake mara nne, inashuka oktava moja. Kwa kuwa uzi wenye unene mara mbili una uzito mara nne, unene mara mbili ni oktava moja chini. Kupanda nusu toni, yaani freti moja, kunataka mkazo zaidi kwa asilimia 12 hivi. Kumbuka namba hiyo siku mwimbaji atakapokuomba upandishe gitaa nzima toni moja: unaongeza zaidi ya robo ya mzigo juu ya daraja.

Kupata mkazo, fanya hivi. Zidisha urefu kwa mita mara mbili, kisha kwa idadi ya mitetemo ya noti kwa sekunde. Jibu lizidishe kwa lenyewe, halafu lizidishe kwa uzito wa mita moja ya uzi, kwa kilo. Mwisho gawanya kwa 9.81, upate mkazo kwa kilo. Mfano ni la ya uzi wa tano, mitetemo 110. Mbili mara 0.65 mara 110 ni 143. Mara yenyewe ni 20,449. Uzi wenye gramu 4.53 kwa mita, yaani kilo 0.00453, unatoa 92.6, na ukigawanya kwa 9.81 unapata kilo 9.4.

Mitetemo ya nyuzi sita, kuanzia juu: mi 329.6, si 246.9, sol 196, re 146.8, la 110, mi ya chini 82.4.

Kuna jambo moja linalowashangaza vijana kila ninapolieleza. Uzi wa mi ya juu ukikatika, wanakimbilia uzi mnene zaidi wa chuma kilekile, wakiamini utavumilia. Hauvumilii zaidi. Uzi mnene una nguvu zaidi, kweli, lakini ili ufike noti ileile unadai mkazo zaidi kwa kiwango kilekile. Kwa urefu mmoja na chuma kimoja, mwembamba na mnene vinakatika karibu na noti ileile. Dawa ni chuma bora, au urefu mfupi, au noti ya chini.

Hatua ya 3: Chagua nani abebe, nani alemee

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana moyo wa kazi yote uko hapa.

Sentimita moja ya ujazo ya nailoni ina gramu 1.1 hivi. Ya chuma cha pua au cha kable ina karibu 7.85. Ya shaba ina 8.96. Sisi tuliokua chini ya bomba refu la moshi la Lubumbashi, na mlima mweusi wa mabaki ya tanuru pembeni yake, shaba tunaijua. Ni nzito kuliko chuma, na mtu angefikiri inafaa kwa uzi wa besi. Ijaribu peke yake uone: waya laini wa shaba wa milimita 0.3 unaanza kurefuka kabla hata haujabeba kilo 2, na haurudi. Mi ya juu inataka kilo 10.

Chuma nacho hakiwezi kazi yote. Tungetaka mi ya chini kwa waya mmoja mtupu wa chuma, ungehitaji unene wa milimita 1.2. Nguvu ipo, uzito upo. Lakini ugumu wa kupinda unapanda kwa kasi ya kutisha: unene mara mbili, ugumu mara 16. Fito kama hiyo haitaki kujipinda vizuri kwenye ncha zake. Uzi laini ukipigwa, ndani ya noti yake kuna sauti nyingine za juu zilizofichwa, harmoniki, mara mbili, mara tatu, mara nne ya mtetemo wa msingi, zikipatana. Kwenye fito ngumu, sauti hizo zinapanda juu ya mahali pake, kila moja ikizidi iliyotangulia. Sikio linasikia bati likigongwa, wala halijui noti ni ipi.

Kwa hiyo kazi inagawanywa. Chuma chembamba ndani kinabeba mkazo. Shaba inazungushwa nje, mzunguko kando ya mzunguko, ilete uzito bila kuongeza ugumu, kwa kuwa mizunguko inaweza kufunguka na kufungana kama springi uzi unapopinda. Ndivyo nyuzi za besi za dukani zilivyo: rangi ile ya dhahabu ni bronzi, ambayo sehemu yake kubwa ni shaba. Hata gitaa za nailoni zinafuata njia hiyo, kwani besi zake zina mamia ya nyuzi laini za nailoni ndani na waya wa shaba uliopakwa fedha nje. Nisemapo kwamba nchi yetu imo ndani ya muziki wa dunia, nina maana hii pia.

Onyo moja kabla ya kuendelea. Ikiwa gitaa yako ni ya nailoni, ile yenye shingo pana na nyuzi tatu nyeupe, usiweke chuma. Seti ya nailoni inavuta kilo 40 hivi kwa jumla. Seti ya kawaida ya chuma inaweza kuvuta zaidi ya kilo 70. Nimeona daraja likibanduka pamoja na ngozi ya ubao, usiku, bila mtu kuligusa. Kwa gitaa hizo tafuta nailoni ya wavuvi, ile inayokwenda Kilwa na Pweto kwenye ziwa Moero: milimita 0.7 kwa mi, 0.8 kwa si, 1.0 kwa sol. Unene umeandikwa kwenye kibandiko. Nailoni mpya inarefuka kwa siku kadhaa, basi ikaze kila asubuhi na kila jioni, usikate tamaa.

Hatua ya 4: Toa vijiuzi kwenye kable

Nunua kable mpya ya freni, yenye vijiuzi 19. Ya milimita 1.5 inafaa, maana ukiitazama kwa mkato utaona vijiuzi vitano vimelala kwenye mstari mmoja kupita katikati: 1.5 gawa kwa 5 ni 0.3. Kable ya klachi ya pikipiki ya milimita 2, yenye idadi hiyohiyo, inakupa 0.4. Epuka kable kuukuu yenye kutu. Kila doa la kutu ni mahali pa kukatikia. Epuka pia waya wa kufungia wa mafundi ujenzi. Umelainishwa makusudi ili upindike, na wa unene wa 0.3 haufiki hata kilo 4.

Hakikisha unene. Kama huna mikromita, zungusha waya mara 20 kwenye penseli, mizunguko ikigusana, kisha pima kwa rula: milimita 6 maana yake 0.3.

Fungua kable polepole kutoka mwisho mmoja. Kijiuzi cha katikati kabisa kimenyooka. Kiweke kwa mi ya juu. Vingine vina mawimbi. Vinyooshe kwa kuvifunga juu na kuning'iniza bidoni, yaani dumu, la lita 5 la maji, ambalo ni kilo 5, huku ukivisugua kwa kitambaa kutoka juu hadi chini. Usivipitishe motoni hata kidogo. Moto unakinyang'anya chuma hiki nguvu yake yote, nacho kinageuka waya wa kufungia.

Hatua ya 5: Zungusha shaba

Waya wa shaba unapatikana kwa mafundi wa bobinaji, wale wanaofufua mota zilizoungua. Nenda kwenye komini ya Kenya au Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, mwamkie papa fundi, mwambie unatafuta mita kumi za waya mwembamba wenye vernisi, ile ngozi nyembamba ya kuhami umeme. Mara nyingi ana vipande vilivyobaki. Usinunue shaba iliyokatwa kwenye laini za umeme. Mtaa mzima unakaa gizani kwa ajili ya waya ule, na muziki hauna haja ya kujengwa hivyo.

Vipimo tulivyovitumia, kiini kikiwa chuma cha 0.3 isipokuwa nilipotaja kingine, ni hivi:

- Mi ya juu: chuma kitupu 0.3, mkazo kilo 10.4
- Si: chuma kitupu 0.4, kilo 10.4
- Sol: shaba 0.1, kilo 9.5
- Re: shaba 0.2, kilo 10.3
- La: shaba 0.3, kilo 9.4
- Mi ya chini: shaba 0.45, kilo 9.4

Jumla ni kilo 60 hivi. Kwa gitaa ya kujitengenezea mimi nashauri kushusha nyuzi zote toni moja: jumla inarudi karibu 47, chuma cha freni kinapumua, na plywood haivimbi. Ukishusha hivyo na bado unapenda mi ya chini iwe imara chini ya gumba, tumia shaba ya 0.5.

Sasa kazi yenyewe. Kata chuma mita 1 na sentimita 20. Mwisho mmoja fanya kitanzi kwenye pete ndogo ya shaba nyekundu au ya njano, usokote mara sita. Ponda chuma kwa nyundo, taratibu, mahali shaba itakapoanzia na itakapoishia, ili kiwe bapa kwa sentimita moja hivi. Nyuzi za kiwandani mara nyingi zina kiini chenye pembe sita ili shaba ing'ate. Chetu ni cha mviringo, na bila sehemu hizo bapa shaba itateleza.

Funga kitanzi kwenye kulabu ndani ya shinyole, ile keekee ya kuzungusha kwa mkono, iliyobanwa mezani. Mwisho wa pili ufunge kwenye kizungushi cha wavuvi, kile kinachozuia mshipi kujisokota, kisha kamba ipite ukingo wa meza na bidoni lile la maji lining'inie. Kizungushi ni cha lazima. Bila hicho mwisho mmoja unazunguka na mwingine umesimama, chuma kinajisokota, na uzi utakuwa na noti mbili ndani yake.

Anzisha shaba kwa mizunguko michache ya mkono kwenye sehemu bapa. Mwenzako azungushe shinyole polepole. Wewe shika waya kwa kipande cha ngozi, ukiuvuta nyuma kidogo ili kila mzunguko uegemee uliotangulia. Nafasi ikitokea, simama, rudi, anza pale upya. Kwa sentimita 75 za la kuna mizunguko kama 2,500, na karibu mita 5 za waya. Jaribio la kwanza litaharibika. La kwetu liliharibika, la pili pia. La tatu liliimba.

Usikate mkia wa uzi kabla ya kuufunga kwenye ufunguo wa gitaa na kuukunja pale. Ukiukata mapema, shaba inalegea yote.

Hatua ya 6: Funga, kisha sikiliza freti ya 12

Kaza uzi hadi noti, acha usiku mmoja, kaza tena. Kisha gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, piga, ondoa kidole: utasikia sauti kama kengele. Sasa bonyeza freti ileile na upige. Noti hizo mbili zifanane. Ikiwa ya kubonyeza iko juu, ni kwa sababu kubonyeza kunauvuta uzi na kuongeza mkazo, na ugumu wa uzi unaongeza la kwake. Sogeza daraja nyuma. Kwa nyuzi za chuma tarajia milimita 2 hivi kwa mi ya juu na 4 hadi 5 kwa mi ya chini, ndiyo maana daraja la gitaa linakaa mshazari.

Utazame pia uzi ukitetema mbele ya ukuta mweupe. Uzi wenye unene sawa unachora umbo moja safi, pana katikati. Ukiona mstari wa tatu ukicheza ndani yake, kuna mahali shaba imepandana au chuma kimekunjika. Uzi huo hautaimba sawasawa kamwe. Ufungue, ufanye upya.

Mkono nao ni sehemu ya uzi

Uzi mzuri unaweza kupigwa vibaya. Ukipiga katikati kabisa, harmoniki za namba shufwa hazizaliwi, kwa kuwa zote zinataka kutulia mahali hapo hapo ulipopiga. Sauti inakuwa ya mviringo, kama filimbi. Karibu na daraja zinaamka nyingi za juu, sauti inakuwa kali. Ncha ya ukucha au ya mediatori, kile kipande kigumu cha kupigia nyuzi, inaziamsha zaidi kuliko nyama ya kidole, kwa kuwa inaupinda uzi kwa pembe kali. Mzee wetu Mwenda wa Bayeke, mpiga gitaa mzaliwa wa Bunkeya, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Likasi mwaka 1952, wakati mji ukiitwa Jadotville, alipiga kwa gumba na kidole cha shahada, gumba likitembeza besi. Kwa mtindo huo besi zenye kiini chembamba ni lazima. Zikiwa fito, gumba linafanya kazi na hakuna anayelisikia.

Jasho, kipwa na mvua

Uzi unazeeka kwa uchafu. Jasho na mafuta vinajaa kati ya mizunguko ya shaba, springi ile inaziba, uzito haulingani tena, na mng'ao unaondoka. Futa nyuzi kila umalizapo kupiga. Besi zilizochoka zichemshe katika maji dakika kumi, zikaushe kabisa kabla ya kurudisha. Zitapata siku chache za ujana.

Kisha kuna baridi. Usiku wa Juni na Julai hapa Lubumbashi unaweza kushuka chini ya digrii 10, na mchana ukafika 25. Chuma kikipata joto kinarefuka, mkazo unapungua. Kwa digrii 10 tu, mi ya juu inashuka karibu sehemu ya saba ya nusu toni, hata kama mbao hazikusogea. Nazo zinasogea: wakati wa kipwa zinakauka na kusinyaa, mvua za Novemba zinazivimbisha. Usikaze gitaa ndani ya nyumba halafu ukatoke nayo uwanjani na kuanza kuimba papo hapo. Itoe nusu saa mapema.

Mi ya chini ya mpwa wangu tuliizungushia shaba ya 0.4, kwa kuwa 0.45 haikuwepo siku hiyo. Inaimba muda mrefu, lakini mkazo wake haufiki kilo 8, na akiipiga kwa nguvu inagonga freti ya pili na ya tatu. Fundi wa bobinaji amemwambia apite Jumamosi. Kuna mota ya pampu inakuja kufunguliwa.